Matangazo Madogo na Ratiba ya Sinema kwa Jumuiya ya Chuo: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Ukurasa Usiokufa Wiki ya Tatu

Kurasa za namna hii karibu zote hufa kifo kimoja. Wiki ya kwanza ukurasa umejaa, ya pili umejaa zaidi. Ya tatu mtu anapiga simu kuulizia baiskeli iliyouzwa siku kumi zilizopita, na mwenzake anafika kwenye jumba la sinema akakuta filamu aliyoifuata imeshaondolewa. Wiki ya nne hakuna anayeusoma, na waliouanzisha wanalaumu wanafunzi kwamba hawapendi kusoma.

Wanafunzi hawana kosa. Kosa ni kwamba hakuna mstari hata mmoja uliopewa siku ya kuondoka.

Kwa hiyo kabla ya jambo jingine lolote, shika hili: kila mstari, uwe wa godoro au wa filamu, una siku ya kuingia, siku ya kufa na jina la mtu aliyeuhakiki. Hatua zote zilizo hapa chini ni namna ya kulitimiza hilo bila kuchoka. Zinafaa kwa karatasi ya kubandikwa ubaoni, jarida la kurasa chache, hata faili ya kutumwa kwenye simu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Jedwali la kompyuta lenye kurasa mbili, moja ya matangazo na moja ya sinema. Daftari linaweza kukusaidia wiki mbili tatu, lakini haliwezi kujipanga lenyewe kwa tarehe.
- Fomu moja ya tangazo, ya karatasi au ya mtandaoni. Moja tu.
- Anwani ya barua pepe au namba ya simu ambayo ni mali ya ukurasa, si ya mhariri. Mhariri akihitimu, asiondoke na wateja wote mfukoni.
- Orodha ya majumba ya sinema ambayo mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi usiku uleule, na namba ya ofisi ya kila jumba. Anayekaa dirisha la tiketi anajua ya leo. Ya wiki ijayo anayajua meneja.
- Programu ya kupangia kurasa. Hata ile ya kuandikia barua inatosha, mradi inagawa safu.
- Watu wawili. Mmoja hatoshi, na sababu utaiona hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Panga siku kwa kuanzia kwenye sinema

Wengi huchagua siku ya kutoa ukurasa kwa kuangalia ni lini wana nafasi. Hapo ndipo wanapojikwaa. Matangazo ya vitanda na vitabu yanaweza kungoja siku mbili, sinema haingoji.

Kila nchi ina siku yake ya kuanza wiki ya sinema. Marekani na Uingereza filamu mpya kwa kawaida huanza Ijumaa, Ujerumani Alhamisi, Ufaransa Jumatano. Majumba huangalia kwanza mauzo ya mwisho wa wiki, kisha ndipo huamua filamu ipi ibaki na ipi iondoke. Ratiba ya wiki mpya haiwi imara mpaka uamuzi huo ufanyike.

Uliza kila jumba swali moja tu: "Ratiba yenu ya wiki ijayo huwa haibadiliki tena kuanzia siku gani?" Jibu hilo ndilo nguzo yako. Ikiwa ni Jumanne jioni na filamu mpya zinaanza Ijumaa, funga kupokea matangazo Jumanne saa 6 mchana, kusanya ratiba Jumatano asubuhi, panga kurasa Jumatano jioni, toa Alhamisi.

Tahadhari: usiifungue siku ya kufunga kwa ajili ya rafiki. Ukimfungulia mmoja, wiki ijayo watano watakuja na habari ya kwamba fulani alikubaliwa.

## Hatua ya 2: Fomu inayojibu maswali kabla hayajaulizwa

Fomu iwe na sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mstari mnene.

Sehemu ya juu ndiyo inayochapishwa: kitu au huduma, hali yake, bei kwa tarakimu, mahali pa kukionea, njia ya kuwasiliana, na siku ya mwisho ya tangazo. Maneno yasizidi 30.

Sehemu ya chini haichapishwi kamwe: jina kamili, namba ya kitambulisho cha chuo, simu ya akiba, na kwa vifaa kama kompyuta, simu na baiskeli, namba ya utambulisho iliyochongwa au kubandikwa kwenye kifaa. Hiyo namba ya mwisho inafanya kazi kubwa kimyakimya. Mwenye kifaa cha halali huinamisha kompyuta na kuisoma. Mwenye cha wizi huanza hadithi.

Kama mtu hakuandika siku ya mwisho, iandike wewe: siku 14 tangu kutoka kwa ukurasa. Akitaka kuendelea, aombe. Usirefushe tangazo ambalo mwenyewe hajaliombea, maana kunyamaza kwake mara nyingi ni dalili kwamba ameshauza.

Fomu imefaulu ikiwa unaweza kuhariri matangazo kumi bila kumpigia simu mtu yeyote kumuuliza "lakini bei?"

## Hatua ya 3: Hakiki, na ujue ya kukataa

Piga simu kwenye namba itakayochapishwa. Usiishie kuitumia ujumbe. Piga, na usikie mtu anayejua kilichotangazwa. Utashangaa ni mara ngapi tarakimu moja imekosewa, na anayepata taabu ni mtu asiyehusika, anayeamshwa usiku kuulizwa habari za kitanda.

Baada ya hapo, chuja. Ulaghai unaowalenga wanafunzi una sura chache zinazojirudia:

Chumba kisichoonekana. Mwenye nyumba yuko safarini, funguo atazituma kwa kifurushi, lakini amana ilipwe kwanza ili "asimpe mwingine". Kanuni: chumba ambacho hakuna anayeweza kukionyesha wiki hii hakiingii.

Mnunuzi anayelipa zaidi. Huyu hatangazi, anajibu matangazo. Anatuma hundi yenye fedha nyingi kuliko bei, anaomba chenji arudishiwe haraka au apewe msafirishaji wake. Siku kadhaa baadaye hundi inakataliwa benki, na chenji imeshakwenda. Huwezi kumzuia kwa kuhariri, kwa hiyo chapisha onyo la mistari miwili juu ya safu ya vitu vinavyouzwa, kila toleo.

Kazi inayodai ada. Ada ya usajili, ya mafunzo, ya sare. Mwajiri halisi hulipa, halipwi. Kataa bila mjadala.

Kuandikiwa insha na tasnifu. Hata ikiitwa "msaada wa kitaaluma". Mkiitangaza, uongozi wa chuo utakuwa na sababu nzuri ya kuufunga ukurasa mzima.

Kuna pia matangazo ambayo si ulaghai lakini yatakuletea kesi. Mtu anaandika kwamba chumba si cha watu wa dini fulani au rangi fulani. Marekani, sheria ya usawa katika makazi ya 1968 inakataza kuchapisha tangazo la namna hiyo, na mchapishaji naye huwajibika, si mwenye nyumba peke yake. Soma sheria ya nchi yako, lakini kwa vyovyote vile kaulimbiu iwe moja: eleza chumba, usieleze binadamu unayemchukia.

Halafu kuna kosa la upole kabisa, na hulifanya watu wema: "Natoka chumba namba fulani, njooni Jumatatu, mwisho wa wiki sipo." Huo ni mwaliko kwa mwizi. Futa namba ya chumba, futa habari za kutokuwepo, na mahali pa kukutania paandikwe penye watu na mchana: mapokezi ya maktaba, lango kuu.

## Hatua ya 4: Hariri mpaka kitu kitangulie

Mtu anayetafuta dawati hasomi, anapitisha jicho. Neno "dawati" likiwa la nane kwenye sentensi, hataliona.

Hivi ndivyo matangazo huja:

*"Ndugu wanafunzi, fursa ya aina yake! Kutokana na kuhama nimeamua kuuza baadhi ya vitu vyangu ambavyo bado viko katika hali nzuri sana likiwemo dawati na kiti chake kwa bei ya maelewano. Wahi mapema."*

Na hivi ndivyo yatoke:

*"DAWATI na kiti, mbao, droo mbili (moja haina kitasa). Bei [tarakimu]. Kuonwa lango kuu, mchana. Simu [namba]. Mpaka tarehe 14."*

Droo isiyo na kitasa ibaki. Wauzaji huomba iondolewe. Waeleze kwamba mnunuzi ataiona hata hivyo, na anayeiona bila kuonywa hupunguza bei kwa hasira.

"Maelewano" si bei. Muuzaji akigoma kutaja, chapisha tangazo lake mwisho wa kundi. Mimi nimeona wagomaji wakibadili nia ndani ya wiki moja, simu zikiwa hazijalia.

Jambo moja kuhusu malipo: wanafunzi na watumishi watangaze bure, biashara zilipe kwa mstari. Usitoze kwa neno. Ukitoza kwa neno, watu wataanza kubana: "ch. 1, j. ndani, u.m. pamoja", na utajikuta umechapisha fumbo.

## Hatua ya 5: Makundi

Vyumba, vitabu, samani, vifaa vya umeme, usafiri wa pamoja, huduma, vilivyopotea na kuokotwa. Yanatosha. Kundi lenye tangazo moja liunganishe na jirani yake.

Mpangilio ubadilike na muhula. Mwanzoni vitabu na vyumba vikae juu. Wiki za mwisho samani na usafiri wa pamoja. Vilivyopotea na kuokotwa visihamehame, kwa sababu aliyepoteza funguo hana subira ya kutafuta safu. Na aliyeokota asieleze kitu chote: "Funguo zimeokotwa karibu na maabara, mwenyewe ataje kilichoning'inizwa."

## Hatua ya 6: Kukusanya ratiba ya sinema

Ratiba itoke kwa jumba lenyewe. Ukiinakili mahali ambako nako wameinakili, unarithi makosa ya watu wawili.

Kwa kila filamu, jedwali liwe na: jina, mwaka, mwongozaji, muda kwa dakika, kiwango cha umri, lugha, jumba, ukumbi, tarehe na saa za kila onyesho, bei ya mwanafunzi na masharti yake.

Mwaka na mwongozaji si mapambo. Kuna *Crash* ya 1996 ya David Cronenberg na *Crash* ya 2004 ya Paul Haggis. Zimeshirikiana jina tu. Anayekwenda kuona moja akakutana na nyingine atakuwa na maneno ya kukuambia. Klabu za filamu za vyuo hupenda kazi za zamani, kwa hiyo mgongano wa majina kwenu utatokea mara nyingi kuliko kwenye majumba makubwa.

Muda kwa dakika unamsaidia mtu kujua kama atarudi. Filamu ya dakika 118 inayoanza saa 2:00 usiku, ikitanguliwa na dakika 20 za matangazo na vionjo vya filamu zijazo, inaisha saa 4:18. Kama lango la bweni linafungwa saa 4, au basi la mwisho linaondoka saa 4 na robo, msomaji wako anapaswa kuliona hilo kabla hajanunua tiketi. Uliza kila jumba vionjo huchukua muda gani, na iandike mara moja chini ya jina la jumba.

Lugha nayo: kama filamu imeingizwa sauti ya lugha nyingine au ina tafsiri ya maandishi chini ya picha, sema. Kwa wanafunzi wengi hilo ndilo linaloamua.

Kiwango cha umri kinakili kama kilivyotolewa nchini kwenu, usikitafsiri. Alama zinazofanana hazimaanishi jambo moja kila mahali. Uingereza alama ya 18 haimruhusu wa chini ya umri huo hata akifuatana na mzazi. Marekani alama ya R humruhusu wa chini ya miaka 17 akiwa na mzazi au mlezi mtu mzima. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wako hapohapo mpakani.

## Hatua ya 7: Saa, mahali tunapoangukia sisi

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake. Majumba hutuma ratiba kwa saa 24 au kwa mtindo wa Kiingereza, sisi tunasoma saa kwa Kiswahili, na katikati kuna mtu mmoja aliyechoka anayetoa sita kichwani.

Kwanza, ndani ya jedwali acha saa ziwe za mtindo wa saa 24, kama zilivyotoka kwa jumba. Kompyuta itazipanga yenyewe, na ukitaka kulinganisha na tiketi unalinganisha kitu kilekile.

Pili, kugeuza kufanywe na jedwali, si kichwa. Kanuni ni hizi:

- 07:00 mpaka 18:59, toa 6. Hivyo 14:00 ni saa 8:00 mchana, 18:30 ni saa 12:30 jioni.
- 19:00 mpaka 23:59, toa 18. Hivyo 20:45 ni saa 2:45 usiku.
- 00:00 mpaka 06:59, ongeza 6. Hivyo 00:15 ni saa 6:15 usiku.

Tatu, usichapishe saa bila kipindi cha siku. "Saa 2:45" pekee haina maana. Na kipindi kiandikwe kwa neno zima: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Nne, na hapa ndipo nilipowahi kuumia: onyesho la baada ya saa sita usiku. Jumba liliandika Jumamosi, 00:15. Mimi nikachapisha "Jumamosi, saa 6:15 usiku". Nusu ya watu walielewa usiku wa kuamkia Jumamosi, wakafika na kuiona filamu. Nusu nyingine walikuja Jumamosi yenyewe usiku, wakakuta geti limefungwa. Kila upande ulikuwa na haki yake, kwa sababu kwa hesabu ya wazee wetu usiku hutangulia mchana, na kwa kalenda ya ukutani hufuata. Tangu hapo naandika hivi, na hakuna aliyepotea:

*"Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi, saa 6:15."*

Ni ndefu. Iache iwe ndefu.

Utajua hatua hii imekwenda sawa ukimpa ukurasa mtu asiyeiona sinema hata mara moja kwa mwaka, ukamwuliza, "Ukitaka hii, unatoka chumbani siku gani na saa ngapi?" naye akajibu bila kukuuliza kitu.

## Hatua ya 8: Maonyesho ya klabu, kisha kupanga na kusoma prufu

Klabu ya chuo ikionyesha filamu kwenye ukumbi wa mihadhara, ulizia leseni kabla ya kuitangaza. Kununua diski au kulipia huduma ya kutazama nyumbani si ruhusa ya kuonyesha hadharani. Hata wenye leseni wasome masharti yake: nyingi za zile zisizo za kibiashara hukataza kulitangaza onyesho nje ya chuo, ili lisichukue wateja wa majumba. Ukurasa wako ukitoka nje ya geti, jina la filamu huenda likalazimika kubaki ndani.

Kwenye upangaji, karatasi moja ya A3 iliyokunjwa mara moja inakupa kurasa nne za A4, na hiyo inatosha kwa vyuo vingi. Matangazo yakae safu tatu au nne, herufi za ukubwa wa pointi 8 au 9, neno la kwanza la kila tangazo kwa herufi nene. Chini ya pointi 8 utawapoteza wahadhiri, na wao ndio wenye samani nzuri.

Sinema ipangwe kwa jumba ikiwa majumba hayazidi matatu. Yakiwa zaidi, panga kwa filamu, kwa alfabeti, na majumba yafuate chini ya kila jina. Kuchanganya mitindo yote miwili kwenye ukurasa mmoja ni njia rahisi ya kuhakikisha saa moja imesahihishwa huku na kusahauliwa kule.

Sasa yule mtu wa pili. Mmoja ashike ratiba asilia ya jumba, mwingine asome ukurasa kwa sauti: jina, siku, saa, saa, saa. Macho yaliyoandika kosa huwa hayalioni. Masikio ya mwingine hulikamata. Tarehe zisomwe pamoja na siku zake, maana "Ijumaa tarehe 13" wakati Ijumaa ni tarehe 12 ndilo kosa linaloongoza. Namba za simu zisomwe kutoka mwisho kwenda mwanzo, tarakimu mojamoja.

## Hatua ya 9: Kuua mistari

Siku ya kufunga, kabla ya kuingiza jipya, panga jedwali kwa siku ya kufa na uondoe kila kilichopitwa. Anza na hili hata kama una haraka. Hasa ukiwa na haraka.

Juu ya ukurasa pawepo maneno haya: "Ratiba imehakikiwa na majumba tarehe fulani, na inadumu mpaka tarehe fulani." Mtu akiokota nakala ya wiki iliyopita kwenye benchi, ajue ameshika ya zamani.

Kosa likishatoka, lisahihishwe kwenye toleo linalofuata, mahali palepale lilipotokea, si kwenye kona ya chini. Kama ni saa ya onyesho na siku bado haijafika, bandika masahihisho kwenye ubao leo hii, na umpigie meneja ili mhudumu wa tiketi ajue watu watakuja wakiwa wamechanganyikiwa.

Dalili ya kwanza kwamba ukurasa umepona ni muuzaji anayepiga simu mwenyewe kuomba aondolewe, kwa kuwa ameuza na simu haziishi. Ya pili ni meneja wa jumba kukutumia ratiba kabla hujamwomba.

Wiki ya mwisho ya muhula, matangazo yote yafe siku moja, hata yale yaliyoingia juzi. Muhula mpya uanze na jedwali tupu. Anayetaka tangazo lake lirudi ajaze fomu upya, chumba kikiwa kilekile na mwenye nyumba yuleyule. Majumba nayo yapigie tena kuuliza namba ya ofisi na siku ambayo ratiba haibadiliki, kwa sababu katika likizo mameneja huhama na wanaowarithi hawakujui.